Ukoo Usisingiziwe Peke Yake

Mtoto akibanwa na pumu, aghalabu wazee husema, "Ndiyo ya ukoo huo," na shauri likaishia hapo. Kauli hiyo ina ukweli, lakini ni nusu ya ukweli. Mwaka 2007 wataalamu walitangaza kuwa tofauti ndogo ndogo za jeni zilizoko katika kromosomu ya 17 huongeza uwezekano wa mtoto kupatwa na pumu. Mwaka uliofuata, uchunguzi uliohusu jamaa za Ufaransa ulionyesha jambo zito zaidi: athari ya jeni hizo ilikuwa kwa walioanza kuugua wangali wadogo, umri usiozidi miaka 4, na ilizidi kwa wale waliokulia katika moshi wa sigara.

Basi baba anayewasha sigara chumbani alimolala mwanawe asimsingizie marehemu bibi yake. Jeni hazibadilishwi kwa azimio, nasi tumepitisha maazimio mengi; sigara huzimwa kwa vidole viwili. Tunazitaka kliniki za mama na mtoto ziulize, tangu wakati wa mimba, ni nani avutaye nyumbani, na baba aitwe aelezwe mwenyewe, asipelekewe salamu na mkewe.