Paka akibadilika, tuhesabu saa, tusitafute walozi

Mimi ni mutu wa sendika. Mambo yangu ni mishahara, kaske, mavumbi ya ku kariere na saa za kazi ya usiku. Leo nitaandika juu ya paka. Mwenye anataka kucheka acheke, lakini asome mpaka mwisho, juu afya ya watoto wetu iko ndani ya maneno haya.

Huku kwetu, Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi, parsele nyingi ziko na paka. Hatumufugi juu ya urembo. Tunamufuga juu ya panya. Ni mufanyakazi wa usiku: hana mukataba, hana prime, anachunga mufuko wa unga na anakula bukari inabakia na kichwa ya ndakala. Lakini siku anaanza kufanya mambo ya kigeni, anajificha chini ya kitanda, analia, anakataa chakula, majibu yetu ni tatu tu. Mumoja anasema: "Itapita yenyewe." Mwingine: "Amekula sumu, mutupe inje." Wa tatu anashusha sauti: "Ile paka haiko ya bure, iko na bulozi." Mimi ninasema hapo hakuna jibu hata moja. Jibu ni kuangalia, kuhesabu saa, na saa ikifika kumupeleka kwa munganga wa nyama.

Mwenye amefanya kazi miaka kumi ku mashini moja anajua sauti yake. Siku sauti inabadilika, hata kidogo, anasimamisha. Hangoji ipasuke. Sisi mu sendika tumepigania sana haki hiyo ya kusimama mbele ya hatari bila kungoja mutu afe kwanza. Na paka ni vilevile. Usijiulize: "Paka wengine wanafanya hivi?" Jiulize: "Huyu wetu, njo tabia yake hii?" Paka mwenye kulala muchana yote, akilala leo, hakuna neno. Lakini ule mwenye kukimbilia mulangoni kila mara unarudi kazini, na leo tangu asubuhi hajatoka chini ya kitanda, huyo anakuambia kitu.

Tena mujue hii: paka anaficha ugonjwa. Ni nyama mwenye kuwinda, lakini naye anawindwa na wakubwa kuliko yeye, na haonyeshi maumivu mapema. Wakati wewe unaona, yeye ameisha kuteseka kidogo. Hata kuunguruma kwa koo, kule tunafikiri ni furaha, anaweza kufanya pia wakati iko na maumivu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kumujua akiwa muzima: anakula namna gani, anakunywa maji wapi, anakojoa fasi gani, anapenda kulala na nani.

Kuko mambo yenye kuonekana ya kigeni na hayaombi munganga. Paka muke akifikia miezi tano ao sita hivi anaanza kutafuta dume: analia usiku muzima, anajigalagaza chini, anainua nyuma. Inapita, kisha majuma mbili ao tatu inarudi, mpaka apate mimba. Watu wanamupiga bure. Ikiwa kelele inakuchosha, munganga wa nyama anaweza kumupasua asizae tena. Kukimbia mu nyumba saa tisa za usiku, kula majani, kutapika manyoya mara moja na kuendelea kula, kulala hata saa 15 kwa siku, kukuletea panya maiti ku mulango: yote ni maisha ya paka. Weka falanga yako mufukoni.

Kuko mambo ya kungoja siku moja, lakini kungoja na saa mukononi. Amekataa chakula cha asubuhi, ao anaendesha kidogo lakini anakunywa na anatembea, ao anachechemea lakini mugulu anauweka chini. Andika saa. Muache fasi yenye utulivu na maji karibu. Saa 24 zikiisha na hajagusa chakula, nenda. Paka hawezi kufunga kama mutu wa maombi: akikaa siku mingi bila kula, zaidi sana akiwa munene, mafuta yanajaza maini yake na anaweza kufa juu ya ile, hata kama ugonjwa wa kwanza ulikuwa mudogo. Mutoto wa paka hana nguvu ya kungoja siku nzima. Mwenye kutapika mara kwa mara, ao damu ikionekana, naye usimungojeshe.

Kisha kuko mambo ya leo leo, hata kama ni siku ya mungu. Paka dume anaenda kukojoa, anachuchumaa, anasukuma, analia, na hakuna kitu inatoka. Wengi wanasema tumbo imefunga, wanamupa mafuta. Mara mingi ni njia ya mukojo imezibwa. Uchafu unarudia mu damu, na mu siku mbili ao tatu amekufa. Paka anapumua kinywa wazi kama imbwa mwenye kukimbia. Magulu mbili ya nyuma yanakufa kwa mara moja, yanakuwa baridi, na analia kwa maumivu. Anapigwa na degedege. Nyama ya meno imekuwa nyeupe ao ya buluu. Muke anasukuma kwa nguvu nusu saa na mutoto hatoki. Mate yanamwagika na mwili unatetemeka: hapo fikiria sumu ya panya ile ya sokoni, yenye kuuzwa mu kaplastiki bila jina. Si lazima aile yeye mwenyewe, inatosha akule panya mwenye ameila. Na sumu ingine ya panya haiui siku ile. Inangoja siku kazaa, kisha damu inatoka puani ao mu mavi. Ukipata ile kaplastiki, ubebe, umuonyeshe munganga.

Mbele ya kufika kwa munganga, usimupe dawa ya watu. Parasetamoli inayotusaidia sisi na kichwa, mwili wa paka hauiwezi. Kidonge kimoja kinaweza kumuua. Dawa ya viroboto ya imbwa, zile zenye perimetirini, nazo zinaua paka. Maziwa na mafuta ya ngazi ukiyasukuma kinywani kwa nguvu yanaweza kuingia mu mapafu. Muweke mu karto yenye matundu, funika na kikwembe apate giza na atulie, na mutembee.

Sasa neno kubwa, juu hili linagusa watoto: ugonjwa wa kichaa cha mbwa, ile ya kuitwa raje. Duniani, karibu watu wote wenye kufa nayo waliumwa na imbwa, lakini paka naye anaipata na anaitoa. Paka mupole anauma bila sababu. Paka wa pori anakuja karibu kama rafiki. Sauti inabadilika, anashindwa kumeza, anayumba. Huyo usimushike na mikono. Mufungie mulango na uite mutu wa huduma ya nyama. Akiisha kuuma ao kukwaruza mutu, osha kidonda na sabuni na maji ya kutiririka dakika 15, kisha siku ile ile mutu aende hospitali kuuliza sindano. Paka usimuue na kumutupa kwa hasira. Nyama mwenye kuuma anafungiwa na kuangaliwa siku 10. Akiwa bado muzima siku hizo zikiisha, hakuwa anaambukiza raje siku aliyouma. Akikufa, munganga wa nyama njo mwenye kujua namna ya kuipima. Ukimutupa, umetupa jibu. Na alama za raje zikiisha kuanza kwa mutu, karibu hakuna mwenye kupona. Mutoto aambiwe wazi: akikwaruzwa aseme, hatapigwa.

Juu ya bulozi, nitasema bila kuzunguka. Paka analia usiku, mutoto wa ndugu mwenye tulimupokea analota vibaya, na kesho yake vidole vinaanza kumuonyesha mutoto. Tumeona watoto wanaishia barabarani kwa njia ile. Katiba ya inchi yetu ya 2006, mu artikle ya 41, inakataza kusingizia mutoto bulozi, na sheria ya Januari 2009 juu ya ulinzi wa mutoto inatoa malipizi. Mwenye kuomba aombe, sikatazi mutu dini yake. Lakini aombe akiwa njiani kwenda kwa munganga wa nyama, na mutoto amuache alale.

Ikiwa ungali unafikiri paka ni jambo ndogo, sikia mambo ya Minamata. Ni muji wa wavuvi kule Japani, na ulikuwa na kiwanda ya kampuni Chisso. Tangu 1932 kiwanda kilikuwa kinamwaga mu bahari maji yenye merkire. Merkire iliingia mu samaki, paka wakakula samaki. Mu miaka ya 1950 paka wa kule walianza kuyumba, kuzunguka kama wanacheza ngoma, kuanguka mu bahari. Watu waliona. Kisha ugonjwa ule ule ukashika watu: mikono kutetemeka, macho kupotea, watoto kuzaliwa wamelemaa. Tarehe 1 Mei 1956, munganga Hosokawa, mukubwa wa hospitali ya kiwanda yenyewe, alipeleka habari kwa serikali. Mu 1959 alimupa paka mumoja chakula chenye kuchanganywa na maji ya kiwanda, na paka ule akagonjwa ugonjwa ule ule. Kampuni ikaficha matokeo. Maji yaliendelea kumwagika mpaka 1968. Mu 1970 Hosokawa, mugonjwa sana, alitoa ushahidi mbele ya waamuzi akiwa kitandani hospitalini, na mu 1973 kampuni ikahukumiwa kulipa.

Sisemi kila paka mugonjwa wa Kolwezi amegonjwa juu ya mine. Nikisema vile bila pima nitakuwa muongo, na wakubwa wa kazi watafurahi kunicheka. Ninasema tuhesabu. Paka anatembea mu mavumbi, kisha anajilamba: kila kitu kimeanguka chini kinaingia mu tumbo yake. Mutoto mwenye kutambaa na kutia vidole kinywani yuko fasi ile ile. Jirani zetu wa Kabwe, mu Zambia, mine yao ya plombe ilifungwa 1994, lakini watoto wa leo wangali na plombe mu damu. Paka mumoja akibadilika, ni mambo ya nyumba. Paka watatu ku barabara moja mu juma moja, ni mambo ya barabara nzima. Andikeni tarehe, parsele, alama zenye mumeona, maji gani wanakunywa. Mupeleke kwa munganga wa nyama, kwa shefu wa kartie, na kwa delege wenu. Karatasi yenye tarehe na sahihi ya munganga inasemeshwa ku meza. Uvumi hausemeshwi, hata na sisi.

Najua mutauliza: "Kamarade, falanga tutatoa wapi? Mushahara inaisha mbele ya mwezi." Ni kweli, na ni mimi mwenye kusema vile kila mwaka mbele ya wakubwa wa kazi. Lakini kuangalia na kuhesabu saa hakuna bei. Sindano moja ya raje kwa paka iko bei chini kuliko zile sindano zote mutoto atahitaji akiumwa. Tena tuombe vitu vyenye kuwezekana. Lubumbashi iko na fakulte ya waganga wa nyama ku universite: tuombe wanafunzi na walimu wao watoke, wafike mu makambi na mu makartie ya mbali, juu kutoka Likasi ni karibu kilometa 120 na hakuna mutu wa kupanda gari na paka mu karto. Madelege waweke ku orodha ya mazungumuzo siku moja ya chanjo ya imbwa na paka kila mwaka mu kambi. Ni bei ndogo kwa kampuni, na inalinda watoto wa wafanyakazi.

Basi, usiku wa leo, mbele ya kufunga mulango, muangalie paka yenu. Amekula? Amekojoa? Anapumua kinywa kimefungwa? Anatembea na magulu yote manne? Ikiwa ndiyo, mulale. Ikiwa hapana, andikeni saa ku ukuta.