Wacheni kuuliza brandi gani, ulizeni spea iko wapi

Leo tuache kidogo stori za simu na magari, twende baharini. Hata kama umezaliwa Umoja na samaki unamjua akiwa kwa sahani tu, kaa hapa dakika tano. Hii kitu inakuhusu.

Mjomba wangu ni mvuvi huko Shimoni, Kwale. Msimu mmoja wa kusi, yeye na vijana wawili walitoka alasiri na boti ya faiba, nyuma wamefunga mashine ya hosipawa 15. Usiku wakirudi, mashine ikapiga kelele ya ajabu, ikatoa moshi, ikazima. Wakavuta kamba ya kuwasha mpaka mikono ikachubuka. Wapi! Mkondo wa bahari upande ule unaelekea kaskazini, na kusi ikivuma unakimbia kweli kweli. Walipelekwa usiku mzima, giza totoro, bila tanga, simu imelowa maji. Alfajiri boti nyingine ikawakuta karibu na kisiwa cha Chale. Wote watatu wazima, alhamdulillah. Mimi nilikuwa Nairobi, na kila simu ikilia nilikuwa naogopa kuishika.

Stori ilipofika kwa grupu ya familia ya WhatsApp, kila mtu akawa fundi. Binamu mmoja: "Si nilimwambia anunue Yamaha?" Mwingine: "Yamaha ya siku hizi si kama ya zamani, achukue Suzuki." Aliyeko Dubai akatuma picha ya Mercury inang'aa kama kiatu cha harusi. Vita vilikuwa vile vile vya iPhone na Samsung, tofauti ni kwamba hapa mtu alikuwa karibu afe.

Mimi maoni yangu nayasema bila kuzunguka: mashine ya kuaminika si ile yenye jina kubwa. Ni ile ambayo ikikufa Jumanne, fundi wa hapo ufuoni anaweza kuifufua kabla ya Jumatano jioni, kwa spea anayoipata karibu na kwa bei ambayo mvuvi anaimudu. Hayo mengine ni stika.

Kwa nini nasema hivyo? Kwa sababu niliuliza kilichotokea. Ndani ya hizi mashine kuna kitu kinaitwa impela, kigurudumu kidogo cha mpira chenye mabawa. Kazi yake ni kuvuta maji ya bahari na kuyapitisha ndani ya mashine ili ipoe. Ndiyo maana mashine ikiwa nzima unaona maji yanaruka nyuma kama mfereji mdogo. Impela ikichakaa, maji yanapungua. Yakikatika, mashine inachemka, pistoni inashika, basi. Kitu kidogo cha mpira kinaua mashine nzima.

Na Mjomba alijua! Siku kadhaa kabla, aliona maji yanatoka kinyonge. Akaitafuta impela Ukunda, hakuna. Mombasa, hakuna. Duka lililomuuzia mashine likamwambia spea itaagizwa, angoje wiki tatu. Ile mashine alikuwa ameinunua kwa ofa, bei ya chini, na haikuwa mbaya. Ilimfanyia kazi vizuri tu. Nilipomuuliza kwa nini alitoka nayo ikiwa mgonjwa, aliniangalia akasema, "Mwanangu, hizo wiki tatu tungekula nini?"

Sikuwa na jibu.

Sasa turudi kwa hayo majina mnayopigania. Yamaha walianza kutengeneza mashine za boti 1960. Ukienda fuo nyingi za uvuvi hapa Kenya, pwani hata Ziwa Victoria, utaona Enduro yao ya stroki mbili, ya 15 au ya 40. Watu wanadhani ni uchawi wa Wajapani. Uchawi gani? Ile mashine ni rahisi. Haina valvu, haina kompyuta, oili unachanganya mwenyewe na petroli, kwa kazi ya uvuvi kama lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli. Fundi aliyeacha shule darasa la saba anaifungua akiwa amekaa mchangani na kuirudisha bila kitabu, kwa sababu ameshafungua mia kabla yako. Spea ziko duka la karibu, na kama hakuna mpya, kuna mashine nzee ya jirani inayokatwa vipande. Hata viwanda vya China kama Parsun na Hidea vimetengeneza mashine zinazofanana nayo kiasi kwamba baadhi ya spea zinaingiliana.

Umeona? Ni stori ya Probox na ya pikipiki ya Boxer. Si kwamba hazikufi. Zinakufa, lakini mahali popote zikifia kuna mtu anazijua.

Suzuki nao walianza 1965. Honda 1964, na wao tangu mwanzo walishikilia stroki nne wakati wengine walikuwa kwa stroki mbili. Tohatsu waliwatangulia wote hao, 1956. Zote ni mashine za heshima, na zote zina wavuvi wanaoziapia. Halafu kuna hii itawauma mashabiki: Mercury na Tohatsu wana ubia wa miaka mingi, na Mercury nyingi ndogo, za hosipawa 30 kushuka, zimetoka kwa Tohatsu. Yaani kuna watu wanagombana Mercury na Tohatsu na huku mashine zao ni ndugu wa tumbo moja, rangi tu ndiyo tofauti.

Na kama bado unaamini jina kubwa litakulinda, muulize mwenye Evinrude. Jina hilo lilianza 1909 kule Marekani, na ni kati ya majina ya kwanza kabisa kwenye biashara hii. Mei 2020 kampuni ya BRP ya Kanada, iliyokuwa inalimiliki, ikatangaza imeacha kuzitengeneza. Zaidi ya miaka mia moja ya sifa, kisha tangazo moja tu.

Najua kuna mtu atasema, "Kwa hivyo unasema ubora si kitu?" Sijasema hivyo. Chumvi haina huruma. Chuma cha bei rahisi baharini kinaliwa kama biskuti kwa chai, na kuna mashine ukizifungua baada ya mwaka mmoja boliti zinabaki na kofia tu. Ubora ni muhimu. Ninachosema ni kwamba majina makubwa yote yameshapita huo mtihani. Kinachobaki kutofautisha ni mambo ya hapa hapa: maji yako, mgongo wako, na fundi wako.

Chukua maji. Pwani adui ni chumvi na mchanga. Usiposafisha mashine kwa maji matamu ukirudi, chumvi inaganda kwenye njia za kupoza na kuziziba polepole. Ziwa Victoria hakuna chumvi, lakini kuna magugu maji yanayoziba tundu la kuvuta maji, na nyavu zinazojifunga kwenye propela. Mvuvi wa Mbita na mvuvi wa Vanga wanaweza kuwa na mashine moja, jina moja, mwaka mmoja, na zikaharibika kwa sababu tofauti kabisa.

Chukua mgongo. Wavuvi wengi hawaachi mashine kwenye boti usiku, kwa sababu ya wezi. Ikifika jioni inafunguliwa, inawekwa begani, inapelekwa nyumbani au bandani. Enduro ya 15 ina kama kilo 36. Ya stroki nne ya nguvu ile ile inapita kilo 40, zingine zinafika 50. Wewe kaa Nairobi useme stroki nne ni bora, halafu njoo uibebe kwenye matope maji yakiwa yamekupwa.

Lakini pia niwe mkweli kwa upande wa pili. Stroki mbili ya kabureta inakunywa petroli vibaya, na sehemu kubwa ya mafuta hayo hutoka bila kuungua na kuingia majini, pamoja na oili. Ni maji yale yale samaki wanazaa. Ndiyo maana Marekani na Ulaya walikaza sheria za uchafuzi mpaka mashine hizi mpya zikaondoka madukani mwao. Siku moja sisi pia itabidi tuhame, na stroki nne itamwokolea mvuvi pesa ya petroli kila safari. Sina shida na hilo. Shida ni kumletea mtu mashine ya kisasa bila kumletea fundi wa kisasa. Hapo umempa kitu cha kuzama nacho.

Na hapa nawaongelesha nyinyi mnaopenda kupiga picha mkigawa mashine, uwe mwanasiasa, shirika, au mtoto aliyefanikiwa mjini anayemnunulia babake zawadi. Mashine kumi mpya zikiwa zimepangwa ufuoni na riboni zinapendeza. Turudi baada ya miaka miwili tuhesabu ngapi zinanguruma na ngapi zimekuwa kiti cha kuku. Kabla ya kutoa pesa, ulizeni maswali matatu. Moja, fundi wa hapa amewahi kufungua mashine ya aina hii? Nenda kwa wavuvi wenyewe na kwa BMU yao, watakwambia. Mbili, impela, plagi na gasketi zake zinapatikana wapi, na kwa siku ngapi? Kama jibu ni wiki, ongeza spea hizo kwenye bei ya zawadi, kwa sababu hiyo ndiyo bei yake kamili. Tatu, petroli inatoka wapi? Petroli ya mtungi mchafu, yenye maji au iliyochanganywa na mafuta taa, itaua Yamaha, itaua Honda, haitaangalia jina. Uchakachuaji ulikuwa noma mpaka 2018 serikali ikaweka tozo maalum kwa mafuta taa.

Kwa vijana wenzangu mnaotafuta cha kufanya: kila mtu anataka kuwa fundi wa simu. Fuo nyingi zina mzee mmoja tu anayejua mashine, na macho yake yameanza kuchoka. Akifa na ujuzi wake, hata Yamaha itakuwa mashine ya wiki tatu. Fikirieni hapo.

Mjomba sasa ana mashine nyingine, ya mtumba, jina ambalo fundi wao anaifungua hata usingizini. Ndani ya boti kuna kopo la maziwa ya unga limefungwa vizuri na plastiki: impela moja, plagi mbili, pini ya propela, spana. Kando yake kuna tanga lililokunjwa, ambalo miaka yote alikuwa anasema limepitwa na wakati. Na ameniahidi, maji yakianza kutoka kinyonge, hatoki. Mimi nami nimemwahidi kwamba hizo siku za kungoja, chakula cha nyumbani niachiwe mimi.

Kwa hivyo kama una mtu wako baharini au ziwani, leo usimuulize anatumia brandi gani. Mpigie umuulize maji yanatoka vipi.