MLANGO WA MAABARA UACHWE WAZI

Juu ya mji wa Moshi, katika mteremko wa Kilimanjaro, kipo Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori cha Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963. Mwaka 1969 mwanafunzi mmoja wa chuo hicho, Erasto Mpemba, pamoja na Dr. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu, Dar es Salaam, walichapisha makala katika jarida la Uingereza liitwalo Physics Education. Tangu hapo jina la Mtanzania huyo, ambaye sasa ni marehemu, limo katika vitabu vya sayansi duniani. Twalikumbusha jambo hilo leo si kwa kujisifu, bali kwa sababu lina fundisho kwa mzazi, mwalimu na mfanyakazi.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka 1963 Mpemba alikuwa katika Shule ya Sekondari ya Magamba, mkoani Tanga, na wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe, ndipo yawekwe katika jokofu. Siku moja, akichelea kukosa nafasi, Mpemba aliyaweka yangali ya moto. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yamekwisha kuganda, na ya mwenzake, aliyeyaweka bila kuyachemsha, yalikuwa bado. Akauliza sababu, akaambiwa kwamba amechanganyikiwa. Akauliza tena alipofika Mkwawa, Iringa. Akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, wala si fizikia ya ulimwengu. Darasa zima likafanya maneno hayo kuwa mzaha.

Wengi wangalinyamaza. Yeye, alipokuta mlango wa maabara ya baiolojia uko wazi, aliingia, akatwaa vyombo viwili, akatia maji ya bomba katika kimoja na maji ya moto katika cha pili, akajipimia mwenyewe. Na Dr. Osborne alipokuja kuhutubia shuleni hapo, akamwuliza mbele ya wenzake waliokuwa wakimcheka. Mgeni huyo hakucheka. Alirudi Dar es Salaam akaagiza jaribio lifanywe. Na aliyelifanya kwa mikono yake alikuwa fundi wa maabara, mfanyakazi kama sisi. Matokeo yakawa kama kijana alivyosema.

Wataalamu wangali wakibishana juu ya jambo hilo. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima tena wasione ushahidi wa kutosha. Hilo halimpunguzii Mpemba heshima. Ndivyo sayansi iendavyo: neno la mkubwa na neno la mdogo hupimwa kwa mizani moja.

Basi tutazame vijana wetu wa leo. Tangu mwaka 2011 uko mpango uitwao Young Scientists Tanzania, ambao mwanafunzi wa sekondari huchagua tatizo la mahali pake, akalichunguza kwa uongozi wa mwalimu, na kazi zilizo bora huonyeshwa mbele ya waamuzi. Kijana wa Moshi apendaye sayansi akijiunga na kazi ya namna hii, hana haja ya kutafuta somo mbali. Barafu ya Kilimanjaro, iliyofunika kilomita za mraba zipatazo 12 mwaka 1912, ilikuwa imebaki chini ya 2 mwaka 2011. Mifongo iliyochimbwa na wazee yapeleka maji vihambani. Kwa ndoo, saa na daftari mwanafunzi aweza kupima kila juma maji yanayopita. Kahawa yaugua chulebuni na kutu ya majani, na kule Lyamungu wapo watafiti wanaozalisha miche inayostahimili maradhi hayo. Mlima wote ni maabara.

Lakini yako mambo yanayomzuia. Mzazi huona majaribio ni mchezo wa kupoteza wakati. Mwalimu huuogopa mtihani. Na maabara hutiwa kufuli, vyombo visije vikavunjika. Tukumbuke kwamba serikali ilipoagiza mwaka 2012 kila sekondari iwe na maabara, wananchi walichanga fedha na nguvu zao. Hawakuchangia makabati ya kutazamwa na wageni! Dawa za hatari zahitaji mwangalizi, hilo hatukatai. Basi awekwe mwangalizi, na mlango ufunguliwe. Chupa iliyovunjika hununuliwa nyingine, lakini mtoto aliyekatishwa tamaa ya kuuliza hana duka la kumnunua.

Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shule zimjengee kijana akili ya kudadisi. Kazi hiyo si ya walimu peke yao. Wewe fundi wa gereji, wewe mpimaji wa maabara ya hospitali, wewe bwana shamba, unao ujuzi ambao kitabu hakiwezi kuuonyesha. Mkaribishe mwanafunzi mmoja siku ya Jumamosi, mshikishe chombo, umwache aulize. Akikuuliza neno usilolijua, usimcheke. Mwambie, kama alivyoambiwa Mpemba, kwamba jambo hilo litajaribiwa. Kisha mlijaribu pamoja.