Kompyuta ya Chama Inunuliwe Wapi?

Ndugu Wanachama,

Katika kikao cha Kamati cha mwezi uliopita jambo moja lilituchukua muda mrefu kuliko mengine yote pamoja, nalo ni kompyuta ya ofisi. Ile ya zamani imekufa. Ilianza kuzimika yenyewe katikati ya msimu, tukaivumilia, na mwisho ikakataa kabisa kuwaka, huku ndani yake zimo hesabu za wanachama: kilo za kila mtu, daraja zake, na mikopo ya uchumaji. Tukarudi kwenye madaftari. Alhamdulillahi madaftari yapo, lakini kurasa za wiki mbili hazikuandikwa kwa mkono, kwa kuwa tulikuwa tukiitegemea mashine. Kosa hilo ni letu sisi wa ofisini, hatumsingizii mtu. Wanachama 11 mpaka leo hatujawafungia hesabu zao, na mmoja wao ni mama mjane ambaye kila Jumatatu huja akaketi barazani kwetu akingoja jibu, nasi hatuna la kumwambia.

Fedha za kununua mashine nyingine zimekwisha pitishwa. Mvutano uliobaki ni huu: inunuliwe dukani hapa Chake Chake, au iagizwe kwa intaneti?

Vijana wa Kamati wanataka intaneti, na hoja zao si za upuuzi. Wametuonyesha katika simu mashine ya namna ile ile ikiwa na bei ya chini kwa shilingi 180,000 kuliko ya dukani. Wanasema pia kwamba mwenye duka naye mali yake huitoa Dar es Salaam au Dubai, basi kwa nini tumlipe mtu wa katikati? Neno hilo la mtu wa katikati humgusa mkulima wa karafuu pahala penye kidonda. Ugomvi mkubwa wa mwaka 1937, ambao wafanyabiashara wa Kihindi walisusia kununua karafuu, ulikuwa juu ya nani asimame baina ya mkulima na meli. Kwa hiyo hatushangai kusikia vijana wetu wakiyasema haya; wameyarithi.

Lakini sisi twaona kwamba watu wa katikati ni wa namna mbili. Yuko achukuaye faida akaondoka zake. Na yuko achukuaye faida akabaki na dhima, ambaye kitu kikiharibika utamkuta pale pale ulipomwacha. Huyu wa pili hatuoni sababu ya kumkimbia.

Hebu tuitazame kazi yetu wenyewe. Mwanachama apelekapo karafuu kituoni kwa Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar, mpokeaji hapokei picha ya karafuu. Hutia mkono ndani ya gunia, akazitazama rangi na ukavu wake, akaangalia makonyo na takataka, ndipo akataja daraja. Hakuna anayemwona mtu huyo kuwa mshamba. Sasa vipi sisi, ambao mali yetu haiuzwi mpaka iguswe, tuitoe fedha ya Chama kwa kitu tulichokiona katika kioo cha simu?

Nasi si wageni wa jambo hili. Miaka miwili iliyopita tuliagiza printa kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni. Tulilipa kwa simu kwanza, kama alivyotaka. Printa ilifika, na haikuwa mbovu, ila wino wake haupatikani Pemba wala Unguja, na tulipompigia muuzaji, simu yake ikawa haipatikani kama wino. Ipo mpaka leo juu ya kabati, imefunikwa kitambaa.

Vijana wanajibu kwamba yule alikuwa mtu mdogo, tununue kwa kampuni kubwa. Na Jumia je? Ilikuwa kubwa, yenye jina katika nchi nyingi za Afrika, na mwezi wa Novemba 2019 ilifunga shughuli zake Tanzania. Hatusemi ilimdhulumu mtu. Twasema tu kwamba duka la Chake Chake laweza kufungwa vile vile, lakini mwenyewe nyumba yake twaijua.

Hoja yao iliyobaki ndiyo iliyotushughulisha zaidi. Wanasema intaneti ndiyo dawa ya walio mbali, na sisi wa kisiwani tuko mbali. Hapo tukakumbuka safari yetu ya kumzuru jamaa yetu, mwalimu huko Engaresero, wilaya ya Ngorongoro. Kama kuna walio mbali, ndio wale. Kijiji kiko chini ya mlima Ol Doinyo Lengai, uliotapika majivu mwaka 2007 na 2008, karibu na Ziwa Natron. Na kutoka Mto wa Mbu, kwa njia ya Selela na Engaruka, ni zaidi ya kilomita 100, nyingi za vumbi. (Huko tulionyeshwa nyayo za watu wa kale, zaidi ya 400, zilizogandamana katika majivu ya mlima. Ni jambo la ajabu, na mwenye uwezo aende akaone.)

Jamaa yetu na wenzake walichanga wakaagiza laptopu kwa intaneti. Tangazo lilisema mzigo hufikishwa Tanzania nzima. Ukafikishwa Arusha, katika ofisi ya mabasi, basi. Walipoufuata na kuufungua nyumbani, nusu ya herufi hazikuandika. Muuzaji hakukataa kuibadili. Alisema irudishwe Dar es Salaam kwa gharama yao. Hesabu ya kurudisha ikawatisha, kwani ni gari mpaka Mto wa Mbu, basi mpaka Arusha, kisha mzigo mpaka Dar es Salaam, na kungoja. Ilichukua miezi miwili. Mwaka uliofuata walipohitaji ya pili, mmoja wao alikwenda mwenyewe dukani Arusha, akaiwasha, akaandika barua nzima hapo hapo mezani, akalipa, akarudi nayo mapajani imefungwa shuka kwa ajili ya vumbi.

Vijana wetu wamehesabu safari ya mashine kuja. Sisi twahesabu na ya kurudi, yaani boti kutoka Mkoani mpaka Unguja, na nyingine mpaka Dar es Salaam. Aliye karibu aweza kubahatisha. Aliye mbali hawezi.

Hatusemi kila duka ni zuri. Yako yaliyobandika ukutani kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Duka hilo halina tofauti na simu isiyopatikana, na hatutanunua huko. Tena ziko mashine zilizotumika Ulaya zikapigwa kitambaa na kuuzwa kama mpya. Windows 10 ilikoma kupata huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani, khasa za Intel zilizo chini ya kizazi cha 8, hazikubaliki kwa Windows 11. Ndizo zinazouzwa rahisi sasa, na sababu ndiyo hiyo. Tutaiwasha mbele ya muuzaji, tusome kizazi chake, tuhakikishe RAM si chini ya GB 8, na tuchomoe waya tuone betri yastahimili muda gani. Iwe laptopu, si ya mezani, kwa kuwa umeme wa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tunao tangu mwaka 2010, lakini kukatika haujaacha. Risiti iandikwe namba ya mashine, na dhamana ya miezi sita iwe ya maandishi.

Intaneti nayo imetufaa. Tulikwenda na ile bei ya kwenye simu mpaka dukani tukaiweka mezani. Mwenye duka alinung'unika, kisha akapunguza shilingi 70,000 na kukubali dhamana. Zilizobaki 110,000 ndizo tunazolipia haki ya kurudi kwake, na kwetu si ghali.

Kamati itakata shauri Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya sala ya alasiri, na mwanachama yeyote mwenye rai nyingine aje aiseme. Wale wanachama 11 tunawaomba waje na stakabadhi walizopewa kituoni siku walipouza, hata zikiwa zimechanika, ili hesabu zao ziwe za kwanza kuingizwa.

Katibu