Magari ya Mbio ya Kale na Elimu ya Pampu

Kata ya Ruanda, katika Wilaya ya Mbinga, yajulikana siku hizi kwa makaa ya mawe. Tangu mwaka 2011 makaa hayo yamekuwa yakichimbwa katika kijiji cha Ntunduwaro, na malori yayabebayo hupanda na kushuka vilima vya Umatengo. Lori zee lenye shehena likiukabili mlima, mara nyingi hutoa moshi mweusi kwa nyuma. Anayeuliza sababu ya moshi huo hujibiwa aghalabu kwamba injini imechoka. Pengine ni kweli. Lakini pengine injini haina kosa lolote: hewa ya mlimani ni nyepesi kuliko hewa ya pwani ya Ziwa Nyasa, na pampu ya dizeli haina habari kwamba gari limepanda. Inaendelea kupima kiasi kile kile cha mafuta kana kwamba gari lingali Mbamba Bay.

Pampu hiyo isiyokuwa na habari ndiyo inayougusa mchezo ambao kwa mtazamo wa kwanza hauhusiani kabisa na mkulima wa kahawa wa Mbinga, nao ni mbio za magari ya kale, hususa yale ya Kimarekani ya miaka ya 1957 hadi 1965, yaliyonyunyiziwa petroli kwa mtambo wa chuma mtupu, pasipo kompyuta wala kipimo cha umeme. Juu ya magari hayo pana ubishi wa siku nyingi. Wako wasemao kwamba vitu adimu kama hivyo yafaa vifungiwe katika majumba ya makumbusho, visivunjwe bure na watu wenye fedha za kuchezea. Wako wasemao kwamba gari la mbio lisilokimbizwa ni gamba tu la konokono. Ubishi huo haukosi maana kwa Tanzania, na katika mzani wa sayansi upande wa pili ndio wenye uzito.

Yafaa kwanza mtambo wenyewe ueleweke. Kabureta ya kawaida ina bakuli la petroli lenye boya, na koo jembamba ambamo hewa hupita kwa kasi. Kasi hiyo hupunguza kanieneo ya hewa kooni, na petroli huvutwa kutoka bakulini na kuchanganyika na hewa. Ni chombo rahisi, na fundi yeyote wa kando ya barabara hukijua. Udhaifu wake ni kwamba gari likikata kona kwa kasi petroli hukimbilia upande mmoja wa bakuli, na injini hukohoa. Tena silinda zilizo mbali na kabureta hupata fungu dogo kuliko zilizo karibu, mfano wa watoto waliokaa mwisho wa sinia.

Mwaka 1957 kampuni ya Chevrolet ilitoa gari la Corvette lenye mtambo uliotengenezwa na Rochester, ambao watu waliuita Ramjet. Zora Arkus-Duntov na John Dolza walikuwa miongoni mwa wahandisi walioushughulikia. Ndani yake hewa hupita katika koo kama la kabureta, lakini koo hilo halivuti petroli. Hutoa ishara tu. Ishara hiyo hukivuta kiwambo chembamba, na kiwambo huamuru ni petroli kiasi gani irudishwe na kiasi gani ipelekwe mbele. Kila silinda ina nozeli yake, nayo hunyunyiza mfululizo mlangoni mwa valvu ya kuingizia. Injini ile ya inchi za ujazo 283 ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 283, yaani nguvu moja kwa kila inchi, sifa ambayo wauzaji hawakuacha kuipigia mbiu.

Mbio zilithibitisha sehemu kubwa ya sifa hiyo. Mwaka 1960, katika mashindano ya saa 24 ya Le Mans nchini Ufaransa, Corvette ya timu ya Briggs Cunningham iliyoendeshwa na John Fitch na Bob Grossman ilishinda katika daraja lake na kushika nafasi ya 8 kwa jumla. Mwishoni injini ilipoteza maji, na sheria haikuruhusu kuyaongeza kabla ya mizunguko iliyowekwa kutimia; mafundi wakaizungushia barafu ili lifike. Fundi wa Songea aliyewahi kufunga mpira wa rejeta kwa kamba ya katani asingeona ajabu yoyote hapo.

Lakini sokoni mtambo ulishindwa. Mwaka ule wa 1957 Corvette zilizouzwa nao zilikuwa 1,040 kati ya 6,339. Kufikia mwaka 1965 Chevrolet ilianza kuuza injini kubwa zaidi ya kabureta kwa karibu nusu ya bei ya ule mtambo, na mwaka huo huo Ramjet ikaachwa. Bei haikuwa sababu pekee. Matundu ya nozeli ni madogo mno, na vumbi kidogo huyaziba. Kiwambo kikilegea, ishara hupotea. Na mafundi wengi wa karakana za kawaida hawakufundishwa. Wenye magari walirudi kwa hasira, fundi akaung'oa mtambo na kufunga kabureta. Sehemu nyingi zikaishia jalalani, na leo wakusanyaji wa magari huzitafuta kwa bei ya kutisha. Chombo hicho hakikushindwa na sayansi. Kilishindwa na ukosefu wa mafundi wanaokielewa.

Afrika Mashariki nayo ina kisa chake, tena chenye heshima zaidi. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, baadaye Tanzania. Mwaka 1964 kampuni ya Ford ya Marekani ilileta kundi la magari ya Mercury Comet yenye injini za silinda 8, kwa fahari nyingi. Mengi hayakumaliza, na ushindi ukachukuliwa na Ford Cortina ndogo ya Peter Hughes na Billy Young. Si haki kuitwika kabureta lawama ya Comet, maana tope la masika huvunja springi kabla halijauliza habari za petroli. Hata hivyo miaka miwili baadaye, mwaka 1966, na tena mwaka 1967, mshindi alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, pamoja na Chris Rothwell, katika Peugeot 404 ya kunyunyizia petroli. Mwaka 1968 magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho, na la kwanza lilikuwa 404 tena, la Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1975 Peugeot 504 ya Ove Andersson ikashinda.

Pampu ya Peugeot hiyo ilikuwa ya Kugelfischer, ya Ujerumani, nayo ni ya ukoo mwingine kuliko Ramjet. Haina koo la kupimia hewa. Ina pistoni ndogo, moja kwa kila silinda, zinazosukuma petroli kwa zamu kama pampu ya dizeli isukumavyo. Kiasi cha msukumo hutawaliwa na kipande cha chuma kilichochongwa mfano wa koni, chenye vilima na mabonde juu yake. Koni hiyo huzunguka na kusogea, mwendo mmoja ukifuata mguu wa dereva, mwingine ukifuata kasi ya injini. Na kila mahali pa koni ni jibu la swali moja: kwa kasi hii, na mlango wa hewa ukiwa wazi kiasi hiki, petroli iwe kiasi gani? Wahandisi waliyapata majibu hayo kwa kuipima injini mezani siku baada ya siku, kisha wakayachonga katika chuma. Kompyuta za magari ya leo zina jedwali lile lile, ila limeandikwa kwa namba. Kijana akiishika koni hiyo mkononi na kuipapasa, ataelewa jedwali kwa vidole vyake kabla ya kuliona katika kioo.

Hapa hapana budi kusahihisha kosa moja. Wapenzi wa magari haya husema mara kwa mara kwamba unyunyizaji wa petroli hauathiriwi na kimo cha nchi. Hesabu hazikubali. Uso wa Ziwa Nyasa uko kiasi cha meta 475 juu ya bahari. Mahali penye kimo cha meta 1,500 katika nyanda za Umatengo hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko ufukweni. Kabureta, kwa jinsi koo lake lifanyavyo kazi, hukosea kwa karibu nusu ya tofauti hiyo: mchanganyiko huzidi petroli kwa sehemu 5 hivi katika 100. Ramjet, kwa kuwa nayo hupima kwa koo, hukosea kiasi hicho hicho. Pampu ya koni, isipowekewa kibonge cha kupima kanieneo ya hewa, hukosea kwa tofauti nzima, sehemu 10 katika 100, kwa sababu hupima ujazo wala haipimi uzito wa hewa. Kwa hiyo Peugeot ya Shankland, katika jambo hili moja, ilihitaji fundi mwerevu kuliko kabureta. Ushindi wake ulitokana na mengine: petroli isiyomwagika bakulini katika makorongo, na silinda zote kupata fungu sawa.

Hesabu hiyo ndiyo hesabu ya lori la Ruanda na moshi wake. Pampu ya dizeli ya chuma, ambayo Bosch ilianza kuitengeneza kwa wingi mwaka 1927, ndiyo babu wa pampu ya Kugelfischer. Mafundi wa petroli waliazima kwa watu wa dizeli, wakapitia kwenye injini za ndege, kisha mwaka 1954 kwenye Mercedes 300SL, ndipo Peugeot. Fundi anayeijua moja huijua nyingine. Na katika Tanzania fundi wa pampu, yule mwenye meza ya kupimia na visanduku vya nozeli, ni mtu wa thamani kubwa ambaye sifa zake haziandikwi popote. Mashine za kusaga nafaka vijijini, matrekta, mashua za injini za ziwani na malori ya kahawa yameishi kwa mikono yake.

Watu hao wanazeeka. Malori mapya huja na unyunyizaji unaotawaliwa na umeme, na kijana anayeanza kazi leo hufundishwa kuunganisha kifaa cha kusomea makosa na kubadilisha sehemu nzima. Hapana ubaya katika kifaa hicho. Ubaya upo pale anaposomewa kwamba mchanganyiko umezidi mafuta, asijue maana yake, akabadilisha nozeli 4 nzima kwa fedha za mteja, kumbe kosa ni chujio la hewa lililojaa vumbi.

Wenye kupinga mbio hizi wana hoja inayostahili kujibiwa: petroli huteketezwa, magari adimu huvunjika, na mchezo wenyewe ni wa matajiri. Yote ni kweli. Mashindano ya magari ya kale yaitwayo East African Safari Classic, yaliyoanza mwaka 2003, si mchezo wa mtu wa mshahara. Lakini gari likivunjika mbioni sehemu yake hupimwa, huchorwa na kuchongwa upya, na anayeichonga hujifunza. Gari lililolala makumbusho petroli yake hukauka ikawa gundi, viwambo hupasuka, pistoni za pampu hushikana, na baada ya miaka 20 hapana aliye hai awezaye kuliwasha. Umatengo wenyewe unalijua jambo hili. Kilimo cha ngoro, mashimo yale yashikayo maji na udongo katika miteremko mikali, kimedumu kwa zaidi ya karne moja bila makumbusho yoyote, kwa sababu nyasi hulazwa na mashimo huchimbwa upya tena na tena. Mahali kilipoachwa kwa miaka michache, vijana hawakijui tena.

Kwa hiyo haifai Tanzania iutazame mchezo huu kwa mbali tu, kama picha ya gazeti. Haihitaji Corvette. Peugeot 404 na 504 zilikuwa teksi na magari ya abiria katika Afrika Mashariki yote, na ingawa nyingi zilikuwa za kabureta, mabaki ya zile za pampu hayajaisha yote. Vyuo vya ufundi vyaweza kuzikusanya, kupasua pampu moja ili wanafunzi waione koni, na nyingine kuifunga katika gari liendalo. Mashindano yenyewe yaweza kuwa ya kupanda mlima badala ya kukimbia nchi nzima, na barabara ya kutoka Mbamba Bay hadi Mbinga, ambayo sasa ina lami, yafaa kabisa, ikifungwa kwa asubuhi moja.

Gari liondoke ufukweni pampu ikiwa imerekebishwa kwa hewa ya ziwani, wala lisiguswe njiani. Likifika juu injini izimwe papo hapo, plagi zifunguliwe na kupangwa juu ya kitambaa cheupe. Nyeusi yenye masizi itaonyesha petroli iliyozidi. Ya rangi ya udongo wa kahawia itaonyesha mchanganyiko mwema. Kisha mwanafunzi apewe bisibisi, aambiwe apunguze, na gari lirudi ufukweni kupanda tena.