Eti digrii ya kuuza Panadol!

Huku Kilwa kusi linavuma na kahawa ya barazani inanyweka. Leo nataka tuzungumze habari za shule, lakini usikunje uso, hakuna hesabu ngumu.

Hivi umeshawahi kumsikia mzazi wa pwani hii ya kwetu akijisifu kwamba mwanawe atakuwa mfamasia? Mimi bado. Nasikia daktari, nasikia rubani, nasikia mwanasheria, hata mbunge. Mfamasia ukimtaja tu, utasikia: "Aa, yule muuza Panadol!" Kisha kicheko baraza zima.

Haya, tuanze na hiyo hiyo Panadol. Kidonge cha kawaida kina miligramu 500 za parasetamoli. Mtu mzima hatakiwi kuvuka vidonge vinane kwa saa 24. Akizidisha sana anaharibu ini, na ubaya wake ni kwamba siku ya kwanza anaweza kujiona mzima kama kigongo. Sasa mchukue mtu mwenye mafua. Anameza Panadol, halafu anaongeza na dawa ya mafua, na nyingi ya hizo zina parasetamoli humo humo ndani, ila jina la kwenye boksi ni jingine. Anadhani kameza dawa mbili tofauti, kumbe karudia ile ile. Nani wa kumshtua? Si mimi wa kidato cha nne. Ni yule mliyekuwa mnamcheka.

Digrii ya famasi ilianza kufundishwa Muhimbili mwaka 1974, enzi hizo ikiwa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tangu mwaka 2007 Muhimbili ni chuo kikuu kinachojitegemea, na siku hizi famasi inasomwa pia Bugando kule Mwanza na St John's pale Dodoma. Kozi ni miaka minne, halafu mwaka mmoja wa mafunzo kazini kabla Baraza la Famasi halijakusajili. Jumla mitano. Si mchezo.

Huko wanasoma mwili unavyofanya kazi, kemia ya dawa, vijidudu, kidonge kinavyotengenezwa na kwa nini kingine ni lazima umeze kizima bila kukitafuna. Wanasoma dawa zinavyogombana zikikutana mwilini. Na mimea wanaisoma! Mwarobaini wa bibi unapimwa: nini humo kinatibu, kiasi gani kinatosha, na kiasi gani kinadhuru.

Wazee wetu wanaikumbuka klorokwini, dawa chungu, ukiimeza unawashwa mpaka ujikune ukutani. Vimelea vya malaria vikaizoea, na mwaka 2001 Tanzania Bara ikaiweka kando ikaleta SP. Nayo ikaanza kushindwa, na mwaka 2006 ikapitishwa dawa ya mseto, yaani ALU. Dozi ya mtu mzima ni vidonge 24: vinne vinne, mara mbili kwa siku, siku tatu. Unaimeza pamoja na chakula chenye mafuta kidogo ili mwili uipokee vizuri. Hapo sisi wa samaki wa nazi hatuna shida! Shida yetu ni kwamba siku ya pili homa ikishuka, vidonge vilivyobaki tunavipandisha juu ya kabati, eti akiba. Hiyo ndiyo nafasi kimelea anayoitafuta.

Na mseto huo umetoka wapi? Sehemu yake moja asili yake ni mmea wa Kichina wa jamii ya pakanga. Mama aliyeongoza kazi ya kuipata dawa hiyo miaka ya 1970 anaitwa Tu Youyou, akatunukiwa Nobel mwaka 2015. Akiwa na miaka 16 aliugua kifua kikuu, shule ikasimama miaka miwili. Alipopona akaenda kusomea famasi Beijing, akamaliza mwaka 1955. Muuza Panadol huyo!

Sasa sikia kasheshe la Kivinje. Jirani wa shangazi yangu ana binti aliyemaliza kidato cha sita kwa Fizikia, Kemia na Biolojia. Kachaguliwa famasi chuo kimoja na ualimu chuo kingine, na kuthibitisha ni kozi moja tu. Siku zinahesabika, baba mtu kagoma.

"Mwanangu," akaniambia nilipokwenda kumwamkia, "ualimu mitatu, hiyo famasi mitano. Mama yake anauza pweza. Na pale dukani anayetuuzia dawa ni kijana wa form four, mbona mambo yanakwenda?"

Msimcheke mzee, hoja anayo. Nikamjibu kwa adabu: "Baba, yule kijana anatusaidia sana." Na ni kweli. Maduka ya dawa muhimu yalianzia Ruvuma mwaka 2003 kuchukua nafasi ya yale ya dawa baridi, na bila hayo vijiji vingi vingekuwa taabani. Lakini muuzaji wake kapewa mafunzo mafupi, na dawa anazoruhusiwa kuuza zina mpaka. Mjamzito wa miezi minane akiomba diklofenaki ya mgongo, au bibi mwenye presha na sukari akija na mifuko mitatu ya dawa kutoka kwa waganga watatu, hapo panahitajika mtu aliyekaa darasani akasoma hayo.

Kuhusu hela sikumpamba. Bodi ya Mikopo ipo, lakini mkopo ni deni: sheria iliyorekebishwa mwaka 2016 iliweka makato ya asilimia 15 ya mshahara. Ajira za serikali nazo hutoka kwa awamu, na si kila mhitimu anapata.

Nikamwambia na jingine. Famasi lazima iwe na mfamasia msimamizi, lakini wapo wanaokodisha vyeti. Cheti kinaning'inia ukutani hapa, mwenyewe yuko zake mji mwingine anasubiri pesa ya mwisho wa mwezi. Kama binti anakwenda kusomea cheti cha kukodisha, basi bora mzee abaki na hela zake.

Mzee akamgeukia mwanawe. "Ukimaliza utarudi huku?"

"Baba, na Lindi je? Nako si kwetu?"

Mzee akacheka. Siku mbili kabla ya mwisho, binti kathibitisha famasi.

Kwa hiyo ninyi wadogo zangu mlio kidato cha pili, sikieni. Ukifika cha tatu ukazitupa Fizikia na Kemia kwa sababu ni ngumu, mlango huu umeufunga kwa mkono wako. Na wazazi, safari ya Dar isiwatishe. Enzi za kulala Ndundu kungoja pantoni zilikwisha mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilipofunguliwa.

Nasi wagonjwa tuna kazi yetu. Ukiingia famasi, kabla hujatoa hela, uliza: "Mfamasia yupo?" Akiwepo, mwambie dawa zote unazotumia, hata ile ya mizizi uliyopewa na mjomba. Mwache akuulize maswali, usimwone mbea. Hiyo ndiyo kazi aliyoisomea miaka yote hiyo.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.