Krimu za 'ngozi ya kioo' zikaguliwe hadi gulioni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu krimu za "ngozi ya kioo", ambayo vijana wetu wa Mufindi wanaiona kwenye simu kwa wasichana wa Korea.

Mwaka 1969 Operesheni Vijana ilipiga vita wigi, sketi fupi na dawa za kujichubua mjini Dar es Salaam. Sitaki watu wakimbizwe tena barabarani. Kujipamba si kosa. Mimi mwenyewe nilinunua kopo gulioni. Lilikuwa na maandishi ya Kikorea ambayo hata muuzaji hakuweza kuyasoma. Wiki mbili baadaye mashavu yaliniwaka, na wanafunzi wa darasa la tatu wakaniuliza, "Mwalimu, umeungua?" Niliona aibu.

Mdogo wangu aliyeko Mbeya bado anajipaka krimu hiyo hiyo, naye ni mjamzito. Zebaki, ambayo hutiwa katika baadhi ya mikorogo, huharibu figo na humdhuru mtoto tumboni. Nchini imekatazwa katika vipodozi.

Naiomba TBS isiishie maduka ya mjini. Ije siku ya gulio, ipime yaliyomo makoponi.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mufindi, Iringa.